Mkoba wa Mkononi wa Mwanakuu

Sheffield, 4 Agosti 2024

Kwa mjomba wangu Zakariya,

Assalaam alaykum warahmatullah. Nakushika miguu kutoka mbali. Natumai goti limetulia, na lile shimo la mfereji mbele ya mlango limezibwa. Mama aliniambia umeliziba kwa mbao za sanduku na sasa wapita njia wanakushukuru wewe badala ya wenye mji.

Mimi na mume wangu Khubaib hatujambo. Yeye yuko baharini na meli yake, na hatarudi mpaka Januari. Kazi yangu ni ile ile ya nyumba ya wazee. Barua hii inaletwa na Naomi, tunayefanya kazi pamoja; kwao ni Mtwapa na amekuja likizo. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya mama unaijua, nusu ya mtaa wa Kibokoni huisikiliza, na yako ya vibonye haifai kwa maneno marefu.

Nataka mama aje kukaa nami kuanzia Novemba. Nilipomwambia alikubali huku akicheka, kama mtu aliyealikwa harusi ya jirani. Lakini hajapanda ndege maishani mwake, ana miaka sitini na saba, na sukari yake unaijua. Wewe umekuwa karani wa kuhesabu shehena bandarini Kilindini miaka thelathini na moja. Nakuomba umfungie mizigo kama unavyojua wewe.

Dawa zisiingie begi kubwa. Kule chini ya ndege kuna baridi inayoweza kuigandisha insulini, na begi likichelewa dawa nazo zimechelewa. Ziwe ndani ya pakiti zake zenye jina lake, pamoja na barua ya daktari, za kutosha miezi mitatu na wiki mbili juu yake. Atiliwe na biskuti, sukari ikishuka. Nakala za pasipoti ziwe mbili, moja abaki nayo yeye na moja wewe. Na umwandikie kadi ya kuvaa mwilini: jina, maradhi, dawa na vipimo vyake, na simu za watu wawili. Kwa ufupi, kila kitu cha dharura kiwe kwenye mkoba wa mkononi.

Pia naomba kanga mbili nzee, zilizokwisha kulainika. Mpya sizitaki.

Mwanao,
Lamis

*

Mji wa Kale, Mombasa, 29 Agosti 2024

Lamis mwanangu,

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Goti linaniuma nikipanda ngazi na halinisumbui nikishuka, kwa hivyo nimeamua kushuka zaidi. Shimo lipo. Mbao ziliibwa. Mamako hajambo, anakula anachokatazwa na kukataa anachoandikiwa, na watu wote wa nyumba wanakusalimu.

Naomi alifika na barua yako mkononi na pakiti tatu za biskuti. Msichana mwenye adabu. Pasipoti ya mamako imetoka. Katika picha amekasirika kwa sababu mpiga picha alimwambia asitabasamu, naye hakuwa na nia hiyo. Viza tumeiombea, tunangoja.

Nilimsomea barua yako yote, kwa kuwa hukuniambia nifiche kitu. Alisikiliza ameegemea mto. Nilipofika pale pa kila kitu cha dharura kuwa mkononi, akaniambia, "Hebu rudia." Nikarudia. Akainuka, akafungua kasha lake, akatoa sanda.

Unaijua hiyo. Bafta nyeupe ya pamba, yadi kumi na mbili, Bi Fadhiya wa jirani alimletea kutoka Makka mwaka aliokwenda hija, imechovywa maji ya Zamzam, imekunjwa na udi ndani. Ina miaka kumi na moja kashani. Akaiweka juu ya kitanda.

Nikamwambia, "Mwanakuu, Lamis anazungumzia dawa."

Akanijibu, "Weye Zakariya, kuumwa si dharura. N'meumwa miaka kumi na mitano. Dharura ni kufa. Mimi siendi nti ya watu bila sanda yangu, nikaja nikawatia taabu kunitafutia kitambaa."

Nilikuwa na jawabu, lakini alikuwa ameshatoka kwenda kuchemsha chai.

Sasa nawe nieleze. Kanga mbili nzee za nini? Huko hakuna matambara? Nilimuuliza mamako, akanitazama, akaitazama barua, akasema tu, "Zipo," na hakuongeza neno. Kwa mtu kama yeye kutoongeza neno ni habari.

Mjombako,
Zakariya

*

Sheffield, 20 Septemba 2024

Kwa mjomba Zakariya,

Assalaam alaykum. Nafurahi kwa habari ya pasipoti. Huku baridi imeanza na wazee wetu kazini wote wanadai madirisha yafungwe. Mmoja aliniuliza kama kwetu kuna madirisha.

Mjomba, barua hii usimsomee mama.

Sanda isije. Tafadhali. Itoe, ifiche, mwambie nimekataza, mwambie uwanja wa ndege hawaruhusu, sema utakalo. Sitaki kitu hicho kivuke mlango wangu mwaka huu.

Nitakwambia sababu, kisha tusiizungumze tena. Nina mimba ya miezi sita. Natazamiwa kujifungua katikati ya Desemba. Khubaib hatakuwepo, na ndiyo maana namtaka mama. Kabla ya hii nimepoteza mbili, moja mwaka juzi na moja mwaka jana. Mama hazijui. Mara zote mbili nilikuwa nimeshanunua nguo, na mara zote mbili nilirudi kutoka hospitali nikazikuta zimekunjwa juu ya kiti. Mara hii sijanunua hata soksi. Sitaki kumwambia mama kwa sababu akijua ataanza kuomba dua kwa sauti, mtaa mzima utajua, na mimi nitalazimika kungoja pamoja na mtaa mzima. Akifika ataniona mwenyewe.

Naogopa, mjomba. Nakwambia wewe kwa sababu hutapiga kelele.

Ndizo hizo kanga mbili.

Lamis

*

Mji wa Kale, 18 Oktoba 2024

Lamis mwanangu,

Salamu zikufikie na dua pia, za kimya kimya kama ulivyotaka. Barua yako niliisoma juu ya paa, nikaikunja, ikalala ndani ya kitabu changu cha zamani cha Kilindini ambacho hakuna mtu humu ndani mwenye hamu ya kukifungua. Sikupiga kelele. Nilikaa kule juu mpaka nguo za Bi Fadhiya zikakauka, ndipo nikashuka.

Viza imetoka. Safari ni Jumanne, tarehe 12 Novemba, kupitia Addis Ababa.

Tumekwisha kufunga begi mara mbili kwa majaribio. Tulilipeleka Makadara kwa Menza, aliyekuwa kuli pale bandarini zamani zetu, sasa anauza nazi na ana mizani ya kweli. Likaja kilo thelathini na moja, nazo ruhusa ni ishirini na tatu. Menza akauliza kama mgonjwa anakwenda kufungua duka. Kilichozidi kilikuwa cha watu. Tangu habari zitoke, kila mwenye mtoto Uingereza amekumbuka kwamba mtoto huyo anapenda achari. Nimerudisha kila kifurushi kilichoshonwa, kwa sababu mtu hasafiri na kitu asichojua ndani mna nini. Wawili hawanisalimii sasa. Nimebakisha bakuli moja la halwa ya Bi Fadhiya kwa mwanawe, maana nililifungua na kuhakikisha kwa kuonja.

Kadi nimeiandika kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa, nikaitia karatasi ya nailoni na kuifungia ndani ya buibui kwa pini mbili. Simu ni yako na yangu. Nina nakala ya kila kitu, kama kawaida yangu.

Kanga mbili nzee zimo katika begi kubwa. Mamako amezifua mara tatu kwa mkono, na sabuni ya kipande, akazianika kivulini. Sikumuuliza kitu wala yeye hakunieleza.

Sanda haimo katika begi kubwa. Nimelipekua mwenyewe.

Insulini inakaa katika friji ya Bi Fadhiya mpaka asubuhi ya safari. Siri yako nimeiweka. Nyumba hii sasa ina siri mbili, na mchukuzi wa zote ni mzee mwenye goti bovu. Ya pili usiniulize.

Mjombako,
Zakariya

*

Mji wa Kale, 15 Novemba 2024, Ijumaa

Lamis,

Assalaam alaykum. Simu yako haishikwi tangu juzi. Naandika kwa sababu mikono yangu inataka kazi, na barua hata ikichelewa itakuwa imesema.

Jumatano asubuhi nilipigiwa simu kutoka Addis Ababa na muuguzi wa kike. Alikuwa ameikuta kadi. Mamako walimkuta kitini katika ukumbi wa kungojea, macho wazi, akiulizwa hajibu. Ndege ilikuwa haijaondoka kwa ajili ya ukungu wa huko kwenu. Abiria walishushwa wakakaa usiku kucha, mabegi yakabaki ndani ya ndege. Yule muuguzi akaniuliza dawa za mamako ziko wapi. Nikafungua nakala yangu nikamsomea jina la dawa na vipimo. Kisha nikasoma mstari unaofuata, na mwandiko ni wangu: insulini, pakiti nne, begi kubwa, upande wa kushoto.

Na mkoba wa mkononi, mstari wa kwanza: sanda, moja.

Nilikuwa nimeona, Lamis. Asubuhi ile alitoka kwa Bi Fadhiya na pakiti za dawa, akautazama mkoba, umejaa sanda, Msahafu, halwa na biskuti. Akazitia dawa begini. Nikasema, "Mwanakuu, dawa ziwe mkononi." Akasema, "Mwanangu kasema mkononi ni kitu cha dharura. Dawa n'tazitumia n'kifika." Nilikuwa nimegombana naye juu ya sanda hiyo wiki mbili nzima na nilikuwa nimechoka. Gari lilikuwa nje. Nikaandika alichofanya, kwa mwandiko mzuri, nikafunga kitabu. Miaka thelathini na moja nilirudisha makontena ya watu kwa kosa dogo kuliko hilo. Nilikwambia haimo begini, na nikanyamaza ilimokuwa. Naona haya.

Yule muuguzi alinipigia tena jana. Walimpa dawa, sukari imeshuka, anazungumza. Anasema usiku alisikia njaa akala halwa ya Bi Fadhiya, karibu yote. Wanamwachia leo na atapanda ndege ya leo usiku. Begi lake limeshatangulia.

Hilo ndilo ninalolijua. Habari zako wewe sizijui. Shika simu.

Zakariya

*

Sheffield, 8 Desemba 2024

Kwa mjomba wangu,

Assalaam alaykum warahmatullah. Nakushika miguu. Barua yako ya Ijumaa imefika leo. Mengine umekwisha kuyasikia kwa simu, lakini simu ya mama iko vile vile hata ikiwa Sheffield, sasa inasikilizwa na watu wa ghorofa ya chini pia. Yaliyobaki nakuandikia.

Uchungu ulinianza Jumatano alfajiri, kabla ya wakati wake. Naomi ndiye aliyenipeleka hospitali. Simu ilibaki jikoni. Alhamisi alfajiri akazaliwa, mvulana, kilo mbili na robo. Alilia. Nilimwomba mkunga anihakikishie kwamba ni yeye anayelia. Tumemwita Faiz.

Sikujua mama yuko wapi. Nilijua alitakiwa afike Jumatano na hakufika. Siku mbili nililala na mtoto kifuani nikiwa na hakika kwamba mmoja nimepewa na mmoja nimenyang'anywa. Hilo silisahau, mjomba. Nilikukasirikia nilipojua, na leo nimesoma barua yako na bado nimekasirika kidogo. Itapita.

Jumamosi asubuhi Naomi, aliyekuwa ameifuata simu yangu jikoni usiku na kukuta ujumbe wako, alikwenda uwanjani akamkuta mama na mkoba wake, akamleta moja kwa moja hospitali. Aliingia na buibui lake, amekonda, pini zako mbili zikionekana. Hakushangaa. Alimtazama Faiz, akaniambia, "N'lijua tangu barua ya kwanza. Mtu hatumi watu kanga nzee kwa kupigia deki. Ulitaka kunyamaza, nami n'kanyamaza."

Kisha akasema, "Na wale wawili nawajua. Idi mbili hukupiga simu."

Nililia mpaka muuguzi akaja kuniuliza kama naumwa.

Jumatatu wakaturuhusu kurudi nyumbani. Begi lilikuwa bado stoo ya uwanja wa ndege, na kanga ndani yake. Faiz alikuwa amevaa nguo za hospitali, za kuazima. Naomi alileta fulana aliyonunua yenye picha za dubu, nzuri tu, lakini mama akasema, "Mjukuu wangu hatoki hapa na nguo ya kuazima, wala nguo yake ya mwanzo haitoki dukani." Akafungua mkoba. Nilisikia harufu ya udi kabla sijaona kitu, nikajua.

Nikamwambia, "Mama, hapana. Si hiyo."

Akasema, "Imeoshwa kwa Zamzam. Kwani Zamzam ni ya maiti peke yao?"

Akaitia meno pembeni, akavuta. Bafta hupasuka moja kwa moja, unaijua. Alipasua yadi moja, akaipasua tena mara mbili, akamfunga mwanangu kama anavyofunga sambusa. Muuguzi akasema kitambaa kizuri sana, ni cha kimila? Mama akaniuliza amesema nini, nikamfasiria, akasema, "Mwambie ndiyo." Nilimbeba Faiz mpaka kwenye gari ndani ya sanda ya mamangu, na nilicheka njia nzima. Naomi alidhani ni homa.

Kilichobaki kilipasuliwa kila siku. Kanga zimefika, lakini mama anasema bafta inanyonya vizuri zaidi. Tangu Jumapili iliyopita yote imekwisha kuwa nepi.

Mama hajambo. Sindano zake nampa mwenyewe. Anakuagizia umnunulie sanda nyingine. Anasema yadi kumi na mbili kamili, usikubali kumi na moja, na udi atatia mwenyewe akirudi.

Mwanao,
Lamis

*

Mji wa Kale, 4 Januari 2025

Lamis mwanangu,

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Nyumba ni kimya tangu mamako aondoke, kimya cha kuchosha, na nimeanza kuzungumza na kasha lake. Goti limekubali kupanda. Khubaib alinipigia kutoka meli yake, akalia baharini kwa gharama ya kampuni. Bi Fadhiya anakusalimu. Kuhusu halwa nimemwambia ilifika kwa mtu aliyeihitaji.

Hasira yako niliistahili, na kama bado ipo, ibakishe kidogo, itanifaa mizigo ya safari ijayo. Mwambie mamako akirudi nitafunga begi mwenyewe naye atakaa sebuleni, na dawa zitakuwa za kwanza kuingia mkononi hata kama malaika mwenyewe amebisha hodi.

Nakala yangu nimeisahihisha. Shehena iliyotoka lazima ionekane imefika wapi. Ule mstari wa kwanza wa mkoba wa mkononi, sanda, moja, nimeupiga kalamu nyekundu, nikaandika kando yake: imepokewa na Faiz.

Juzi nikaenda Makadara kwa muuza bafta mmoja. Nilimwambia anipimie yadi kumi na mbili za sanda, ya mwanamke. Akaacha mkasi, akainamisha kichwa, akasema Innalillahi, akaniuliza nani amefariki.

Nikamwambia hakufa mtu. Amezaliwa.

Alinitazama usoni, nadhani alikuwa anapima umri wangu. Nikamweleza. Alisikiliza yote, na mteja aliyekuwa nyuma yangu naye akasikiliza. Kisha akaniuliza jina, kwa kuwa ni desturi yake kuombea kila anayemkatia. Nikataka kumpa la Mwanakuu, ulimi ukatoa la Faiz. Akainua mikono akasema Mungu amkuze, akapima yadi kumi na mbili, na kabla ya kukata akaongeza shubiri moja ambayo sikumwomba.

Mjombako,
Zakariya